Bei ni Maelewano

Ukimkasirikia mtu ukamfungia simu, usijidanganye kwamba umefunga njia zote. Mapenzi ni kama maji ya mvua, yakikosa mfereji yatapita chini ya mlango. Mutindi alikuja kulijua hilo Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, saa tatu kasorobo asubuhi, kikombe cha chai mkononi na kitambaa cha kulalia bado kichwani.

Ofisi yake ilikuwa hatua kumi tu kutoka jikoni kwa mama yake, pale Mumbuni, katika chumba cha nje ambamo zamani mama alifugia vifaranga. Mvua ikinyesha, harufu ya vifaranga ilirudi kudai chumba chake. Humo ndani, kwa kompyuta mbili na meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani, Mutindi alikuwa amejenga Nzuki. Nzuki ni nyuki kwa Kikamba, na jina hilo lilifaa, kwa maana ilikuwa programu iliyoamka kila siku saa kumi na mbili asubuhi, ikazunguka maduka ya mtandaoni, ikazoa majina ya bidhaa, bei na maelezo, kisha ikarudi na kuyapanga katika jedwali. Wafanyabiashara wa mjini walilipata jedwali hilo kabla hawajafungua milango, wakajua jirani anauza saruji kwa ngapi na magodoro kwa ngapi.

Asubuhi hiyo Kasyoka, rafiki yake tangu sekondari na sasa mshirika wake kazini, alikuja na lalamiko la mteja. Mama mmoja wa Matuu anayeuza maembe kwa jumla alikuwa amepiga simu akisema Nzuki inamficha washindani wake. Maembe ya jirani yako kwenye mtandao, kila mwenye simu anayaona, lakini kwenye ripoti hayapo hata moja.

"Nimeangalia na ni ukweli," Kasyoka alisema, akivuta kiti. "Huyo jirani hajaandika bei. Ameandika 'bei ni maelewano.'"

Mutindi alijipiga kofi kwenye paji la uso. Sheria ile aliiandika yeye mwenyewe wiki ya kwanza kabisa, kwamba bidhaa isiyo na bei ya tarakimu itupwe. Aliipata katika masomo ya watu ambao kwao bei ni bei, ukitaka lipa, hutaki nenda. Wala hakukumbuka kwamba yeye yuko Ukambani, ambako hata mtu akiwa na bei yake kichwani atakuambia tutaelewana, kwanza ajue wewe ni mtoto wa nani. Kwa hiyo tangu wiki hiyo ya kwanza Nzuki ilikuwa ikileta bidhaa za maelewano na kuzimwaga katika faili moja ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Faili lenyewe liliitwa Takataka.

Wakalifungua. Kulikuwa na maembe ya Matuu, ng'ombe wa maziwa, viwanja, makochi, hata gari moja bovu la mwalimu mkuu fulani. Walicheka. Kasyoka akaendelea kuteremka taratibu, mstari baada ya mstari, halafu akaacha kucheka. Akaigeuza kompyuta imwelekee rafiki yake.

"Mutindi," alisema, "hii si bidhaa."

Mstari huo ulitoka katika duka la mtandaoni la kikundi cha wachongaji wa Wamunyu. Penye jina la bidhaa paliandikwa: Samahani. Penye bei: Maelewano. Na penye maelezo: Nilikosea kukuita vile, na nilikosea zaidi kukuita vile mbele ya watu.

Moyo wa Mutindi ulidunda. Na aliyeudundisha aliitwa Ndunda, kwa hiyo usinilaumu mimi.

Ndunda alikuwa mchongaji, mwana wa wachongaji, na ndiye aliyewajengea wenzake duka lile la mtandaoni baada ya kujifundisha usiku na mchana kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Walijuana miaka miwili nyuma kwa sababu ya ugomvi uliokosa kuwa ugomvi. Nzuki, ikiwa bado changa na haijui adabu, iligonga duka lake mara mia nne kwa dakika moja mpaka likazimika. Alitafuta namba ya mwenye programu, akapiga. Mutindi alijiandaa kutukanwa. Badala yake alisikia sauti tulivu ikimuuliza, dada, hiyo kitu yako inafanyaje kazi? Waliongea mpaka chaji ikaisha, na kesho yake wakaongea tena.

Mwezi wa tano ndipo mambo yaliharibika. Mteja mmoja wa Nzuki, mchuuzi wa vinyago kutoka Nairobi, alifika Wamunyu na jedwali la bei mkononi. Akamwambia huyu kwamba yule anauza rahisi, akamwambia yule kwamba huyu ameshuka, akawashindanisha mpaka twiga wa siku tatu za jasho akanunuliwa kwa bei ya kuni. Mutindi, bila kujua lolote, alifika mchana huohuo kumtembelea mpenzi wake. Watu walikuwa wamekaa kwenye vumbi la mbao, wamenuna. Ndunda alisimama mbele yao wote akamwita king'ei. Ni mwizi kwa Kikamba, na kwa Kikamba neno hilo halina utani ndani yake.

Mutindi aligeuka bila kujibu, akarudi nyumbani, akamfungia simu. Mwezi wa sita Ndunda alikuja hadi getini. Mama Mbinya, mamake Mutindi, mjane na mwanakwaya ambaye hajui kupandisha sauti, alimwambia bila kuipandisha kwamba mwanamume aliyemwita mtoto wake mwizi hatakanyaga ua wake. Mutindi alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia kila neno, na hakutoka. Baada ya hapo alikunywa uji wiki mbili, uji tu.

Lakini neno lilimchoma kwa sababu lilikuwa na punje ya ukweli. Alimfukuza yule mchuuzi. Kisha akaifundisha Nzuki safari nyingine, izunguke maduka ya vinyago ya Nairobi na ya ng'ambo, na kila Jumatatu akalituma jedwali hilo bure kwa kikundi cha Wamunyu, bila jina lake, ili na wao wajue twiga wao akifika huko anauzwa kwa ngapi. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba ni haki tu, haina uhusiano wowote na mapenzi.

"Kuna zingine," Kasyoka alisema. "Ziko mingi."

Ukurasa wa mtandao una sura mbili, ile anayoiona mtu na maandishi ya chini ambayo husomwa na programu. Ndunda alikuwa ameziandika bidhaa zake huku chini, akazificha juu. Mnunuzi hakuweza kuziona. Aliyeweza kuziona duniani alikuwa Nzuki peke yake, naye Ndunda alijua vizuri nani atasoma kitakachobebwa na Nzuki. Hakujua habari ya Takataka. Na bei, mtu wa Wamunyu ataandika bei gani kwenye kitu kama kile? Aliandika maelewano.

Mutindi alisoma kwa midomo bila kutoa sauti. Mwezi wa saba: Twiga mwenye shingo fupi. Bei, maelewano. Nilikuwa nakufikiria, kisu kikateleza. Mwezi wa nane: Asante. Hizo bei za Jumatatu najua ni wewe. Wazee wanasema ni malaika wa kanisa, nimewaacha waseme. Mwezi wa tisa: Stuli ya watu wawili. Haiuzwi, nimeandika maelewano kwa mazoea tu.

Chai ilikuwa imepoa. Mutindi alilia na kucheka kwa wakati mmoja, jambo ambalo halipendezi usoni lakini linasaidia sana moyoni. Miezi yote hiyo alikuwa amemhesabu Ndunda katika waliomsahau.

Kasyoka alikuwa amefika mstari wa mwisho. Aliusoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma barua ya hospitali.

"Mbuzi watatu, majike wawili na dume mmoja. Bei, maelewano. Maelezo: Nimeongea na mjomba. Jumamosi tarehe kumi na nane saa nne tunakuja kwenu na ntheo. Kama hutaki, usijisumbue kueleza. Toa tu duka letu kwa Nzuki. Nikiona asubuhi haijakuja, nitaelewa na sitakusumbua tena. Ikiendelea kuja, nitajua umekubali."

Mkamba yeyote hahitaji kufafanuliwa habari ya mbuzi watatu. Ndiyo ntheo, ndiyo posa. Wakikubaliwa, dume huchinjwa, majike hubaki, na wakishalala kwenu usiku mmoja wewe si msichana wa kuulizwaulizwa tena na mtu mwingine.

"Hii iliwekwa lini?" Mutindi aliuliza.

"Siku kumi na mbili zimepita. Na tarehe kumi na nane ni leo."

Siku kumi na mbili. Na asubuhi zote kumi na mbili, saa kumi na mbili kamili, Nzuki ilikuwa imekwenda Wamunyu bila kukosa, ikapiga hodi na kuacha alama yake katika kumbukumbu za duka, ambazo Ndunda huziona. Programu yake ilikuwa imesema ndiyo mara kumi na mbili kwa niaba yake, naye amelala fofofo na kitambaa kichwani.

"Lakini Mutindi, kwani bado tunaenda Wamunyu?" Kasyoka aliuliza. "Nani anataka hizo bei?"

Mutindi hakumjibu. Alikuwa ameshika simu, ameshaifungua ile namba iliyofungwa, kidole kimesimama juu ya jina. Amwambie nini? Usije? Njoo? Mama yake hajui, na mama yake aliapa. Mtu aliyerudishwa getini akiwa na mbuzi wa ntheo hawezi kurudi mara ya pili, hata akipenda vipi, maana hapo hajarudishwa yeye peke yake, umerudishwa ukoo. Akikosea leo, amempoteza Ndunda moja kwa moja. Alikuwa bado anawaza pa kuanzia, ndipo mbuzi akalia nje ya geti.

Alitoka mbio, Kasyoka nyuma yake. Mama Mbinya alikuwa ameshafika getini, leso kiunoni, mkono mmoja juu ya komeo. Upande wa pili alisimama Ndunda katika shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, ameshika kamba ya dume. Alikuwa amekonda. Kando yake alikuwa mjomba wake, Mzee Nzau, na wanawake wawili wa kikundi cha wachongaji walioshika kamba za majike. Ndunda alipomwona Mutindi akija, uso wake ulifunguka wote. Mutindi hakuwa ametazamwa hivyo tangu mwezi wa tano.

"Ndunda," Mama Mbinya alisema, "nilikwambia nini mwezi wa sita?"

"Ulinikataza, mama. Nakumbuka kila siku."

"Na bado umekuja. Na mbuzi."

"Nilimwita Mutindi lile neno mbele ya watu," Ndunda alisema. "Singeweza kulirudisha nikiwa peke yangu. Kwa hivyo nimekuja na wale walisikia."

Mmoja wa wale wanawake, Mumbua, mchongaji mwenye vidole vyenye makovu, alithibitisha kwamba walikuwepo na walisikia. Akaongeza kwamba siku hizi wakizungumza na wachuuzi hawababaishwi, kwa sababu bei za Nairobi wanazijua, na aliyewajulisha wanamjua, hata kama wazee bado wanasema ni malaika. Mama Mbinya alimtazama binti yake. Hilo la bei hakuwa ameambiwa.

"Wewe Mutindi," alisema. "Ulijua hawa watu wanakuja?"

Kila mtu alimgeukia. Jibu la neno moja lingetosha. Ndiyo, na lingekuwa limeisha, maana Ndunda alikuwa anaamini tayari, mjomba alikuwa anaamini, na Kasyoka asingemsaliti. Lakini Mutindi aliitazama ile furaha usoni mwa Ndunda, akaona kwamba inatokana na kitu ambacho yeye hakukifanya. Aliwaza kwamba akianza maisha na mtu huyu kwa uongo, hata ukiwa mdogo vipi, lile neno la mwezi wa tano litakuwa limepata pa kukaa.

"Sikujua," alisema.

Akaeleza. Alieleza kwa lugha nyepesi, kwa ajili ya mama na mjomba, kwamba yale maneno yalitupwa pamoja na maembe na magari mabovu, kwa sababu ya sheria aliyoiandika mwenyewe, na kwamba ameyasoma leo, muda si mrefu. Ndunda alisikiliza mpaka mwisho. Ule mwanga ulitoka usoni mwake taratibu.

"Lakini ilikuja," alisema. "Kila asubuhi naamka kuangalia. Hata leo imekuja, tukifunga mbuzi kamba."

"Ni mashine, Ndunda. Inakuja hata kama hujaandika kitu."

Mzee Nzau alikohoa. Alikuwa mtu mpole, na upole wake uliumiza kuliko ukali. Alisema basi wamekuja kwa ndiyo ya mashine, na hakuna ubaya, watu hukosea. "Geuza hiyo mbuzi, Ndunda. Hatuwezi kulazimisha boma ya watu."

Ndunda aliinama kuivuta kamba. Dume, ambaye hakuwa na habari za mapenzi wala za kompyuta, alikuwa ameona majani chini ya ua na akakataa kugeuka. Ndunda alivuta tena, macho chini, masikio yamemwiva kwa aibu. Mutindi aliitazama ile mikono aliyoijua, na kila kitu alichojiambia kwa miezi mitano kikamwishia.

"Ngoja," alisema.

Ndunda akangoja.

"Yule mtu wa Nairobi nilimtoa mwezi wa tano. Kutoka hiyo siku hakuna mteja ametaka bei za Wamunyu. Hakuna hata mmoja. Kasyoka ameniuliza saa hii kwa nini bado tunaenda huko na sikumjibu, kwa sababu sikuwa na jibu ya kazi." Akasogea hatua moja karibu na geti. "Kutoa duka lenu ni kufuta laini moja tu. Nimeifungua mara nyingi nikitaka kuifuta. Kila mara nimeshindwa. Nilikuwa nataka kuwe na kitu yangu inafika kwenu asubuhi, hata kama ni mashine. Sikuwa nakuja kuchukua bei, Ndunda. Nilikuwa nakuja tu."

Mumbua alijifanya kurekebisha kitambaa cha kichwa, akajipangusa macho nacho. Kamba ilikuwa imemponyoka Ndunda mkononi na dume alikuwa akila majani ya Mama Mbinya bila kizuizi.

"Kwa hivyo?" Ndunda aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa.

"Kwa hivyo mimi sijaulizwa. Mimi mwenyewe, kwa mdomo."

Ndunda alisogea mpaka akashika vyuma vya geti. Alisema kwanza kwa Kikamba kwamba anampenda, mbele ya mjomba na mbele ya mama mtu, jambo ambalo vijana wa kule hawalifanyi ovyo. Kisha akauliza.

"Mutindi wa Mbinya, utakubali mbuzi zangu?"

"Nitakubali," Mutindi alisema. "Lakini ukiniita lile neno tena, nitakufungia kitu kubwa kuliko simu."

Mzee Nzau aliguna, na mguno huo ulifanana sana na kicheko. Halafu wote, kama walioambiwa, wakamgeukia Mama Mbinya. Msichana amesema, sawa, lakini geti lina mwenyewe, na mkono wa mwenyewe ulikuwa bado juu ya komeo.

Mama Mbinya hakuwa na haraka. Alimtazama binti yake, kitambaa cha kulalia kichwani, machozi mashavuni, macho yanang'aa. Mtu aliyempikia mtoto wake uji wiki mbili anaujua uso wa mtoto wake. Kisha akamtazama Ndunda.

"Na siku utakasirika tena? Kwa sababu utakasirika."

"Nitakasirika ndani ya nyumba, mama," Ndunda alisema. "Na nitamwambia yeye, si watu."

Mama Mbinya alilipima jibu hilo. Akayageuza macho kwa wale mbuzi, akawakagua majike kwa jicho la mtu aliyefuga maisha yake yote, miguu, macho, viwele. Alipozungumza, hakumzungumzia mtu yeyote pale getini.

"Kasyoka," aliita, "chukua panga ukate majani ya nepia huko nyuma, ukate mingi. Hizi mbuzi mbili za kike zitalala zikikula nini?"

Mzee Nzau alivua kofia. Ndunda aliduwaa pale pale na vyuma mkononi, kwa maana mapenzi humfanya hata mtu mwerevu kuwa mzito wa kusikia, mpaka Mumbua akampiga kofi la mgongo na kumwambia, kwani hujasikia, mama amesema zitalala. Mutindi alikuwa amelisikia neno hilo mara ya kwanza. Alipita chini ya mkono wa mama yake, akalifungua komeo yeye mwenyewe.